Futi Ishirini za Uongo

Dola mia na arobaini. Ndizo zilizobaki,
mimi na shemeji Asukulu, baada ya kununua boti
(ya alumini, viraka viwili, injini inakohoa),
na tulitaka samoni, wale wa ratili ishirini na tano
wanaopita chini kabisa, kwenye maji baridi,
kama watu wenye madeni.

Dukani, hapo Ludington, fimbo za kaboni zilisimama ukutani,
nyembamba, zinameta, kila moja na bei yake shingoni.
Asukulu akashika moja, akaitikisa hewani,
akasoma kibandiko, akairudisha taratibu
kama anayerudisha mtoto wa watu kwa mamaye.
"Hii," akasema, "ni zamu nane
za kushona viti vya magari usiku."
Rahisi ghali, najua, nimelelewa na msemo huo.
Lakini ghali nayo ni ghali tangu asubuhi.

Jumamosi tukaona karatasi kwenye nguzo, na mshale.
Bi Lavonne Dykhouse alikaa kwenye kiti cha kukunja
kati ya mikebe ya keki na ngazi ya mbao,
na nyuma yake, ndani ya pipa la taka lililooshwa,
fimbo sita za marehemu, ncha juu.

Ngoja nikwambie jinsi mwenye kidogo anavyonunua.
Usitazame rangi. Kurambaza si kurusha;
fimbo yako hairushi kitu, inakaa kwenye kishikio
na kujikunja siku nzima nyuma ya boti.
Basi iwe ya faibaglasi, nzito kidogo, mvivu,
ipinde kuanzia kiunoni, isiwe na pupa ya kujibu.
Chukua pamba, ipitishe ndani ya kila pete:
pamba ikinasa, pete ina ufa,
na ufa huo utakukatia mshipi siku ya siku.
Rili, izungushe karibu na sikio. Meno mazima hunong'ona,
yaliyolika husaga mchanga.
Breki, vuta uzi kwa mkono. Ukitoka kwa mtiririko, sawa.
Ukitoka kwa kushtukashtuka, iache,
au iombee punguzo.

Asukulu alivuta. Mimi nilipitisha pamba.
Nne zilifaulu. Ya tano, pete ya tatu ilinasa.
Ya sita ilibeba rili kubwa yenye kaunta,
tarakimu ndogo nyuma ya kioo kilichokwaruzika:
218.
Kidole kikaenda kwenye kitufe cha sifuri,
kikasita. Nani ajuaye? Huenda hapo ndipo
alipolipa ziwa mshipi wake wa mwisho.
Nikauliza kwa sauti ya msibani.

Bi Lavonne akacheka mpaka kiti kikalia.
"Wajukuu hao, wakichezea gerejini.
Tena isikuhadae, inaongeza futi ishirini.
Kama Gerrit mwenyewe. Samaki wake wote walikuwa hivyo.
Bonyeza tu."
Lakini hakutazama nilipobonyeza.
000. Mlio mdogo, kama wa pochi ikifungwa.

Mia na kumi kwa fimbo tano, rili zake juu yake.
Akatuongezea kisanduku cha vijiko vya chambo,
vya kijani, vya machungwa, kimoja kimeng'atwa rangi yote.
"Hicho ndicho kilichotulisha," akasema. "Msikipake."

Sasa ni saa kumi na moja alfajiri, Agosti.
Taa ya gati iko mgongoni.
Injini inakohoa kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni
asiyetaka aondoke.
Naachia mshipi, nasoma kaunta.
"Ngapi?" anauliza Asukulu kutoka usukani.
"Mia." Kisha najisahihisha:
"Mia na ishirini, kwa hesabu ya Gerrit."

Hatusemi tena. Kijiko kisicho na rangi
kinayumba huko chini tusikokuona,
na ncha ya fimbo inaitikia, inaitikia,
kama mke aliyekwisha kuisikia hadithi
ila anaiacha imalizike.