Fundi wa Paa Amsoma Risideli

Sijapata kumwona. Namjua kwa kuvuja.

Miaka thelathini napanda paa za Mbale
na nyundo, lami na ndoo ya bati,
na kila penye tone nakuta mkono wake:
Risideli, msanifu wa wilaya,
mtoto wa mji ambao, nasikia,
hata Waingereza wenyewe huuliza uko upande gani.

Posta ndiyo ya kwanza. Madirisha yote magharibi,
makubwa, kama ya mtu aliyekua akililia jua
na hakuna aliyemwambia kuwa huku jua halina haya.
Nambuya anauza stempu kwa jicho moja,
la pili amelifumba tangu saa tisa.
Na mfereji wa paa: upana wa vidole vitatu.
Mvua ya Wanale haipiti katika vidole vitatu.

Shule ya wasichana: hapa amekwisha nyeshewa.
Mfereji umepanuka, ukingo wa paa umeshuka
mpaka kwenye nyusi, kama kofia ya askari wa zamu.
Ila kule kona ya bweni, mabati yanapokutana,
alikosea inchi moja.
Inchi hiyo imenisomeshea watoto watatu.
Sina kinyongo naye.

Soko. Halmashauri. Kituo cha polisi,
ambako mahabusu hupokezana ndoo.

Kisha mahakama. Juu ya dari, gizani, kati ya popo,
nilimulika tochi kwenye boriti ya mvule
nikaona penseli: hesabu, hesabu iliyofutwa, hesabu tena,
na pembeni mkono mwingine, mzito, wa seremala Khaukha:
*Bwana, ongeza.*
Chini yake ule mkono wa kwanza,
bila neno,
umeongeza.

Tangu hapo sina kazi kwake.
Mochari ni kavu. Zahanati ya Budadiri
niliipanda mara moja tu, masika, kwa kuitwa bure;
nikakaa juu ya bati nikatafuna karanga,
maji yakipita kando yangu kwa adabu,
nikashuka bila kudai hata nauli.

Uhuru ulipokuja alirudi kwao.
Wanasema huko alichora kibanda cha kungojea basi,
basi, akastaafu.
Mimi hukiwaza kibanda hicho:
paa lake limeshuka mpaka kwenye nyusi,
mfereji wake mpana kama mtumbwi,
na watu wa mji ule, chini ya manyunyu yao,
wanatazama juu, wanaulizana
huyu bwana alikuwa akiikimbia mvua gani.