Kipande Chepesi

Tiketi ina bei tatu: raia, mkaazi, mgeni.
Shosho aliuliza dirishani
kama huyu raia ni yule yule wa zamani
ama wamemleta mwingine.
Karani alicheka, akampa chenji.

Ilikuwa Agosti, ile baridi ya Nairobi
inayoanzia kwenye viwiko.
Nyumba ya mawe, upande wa Karen, mabati mekundu,
sakafu ya veranda imepigwa nta
mpaka unajiona umesimama kichwa chini.

Memsahibu alikuwa Chelimo, chuo kikuu, mwaka wa pili,
gauni la kufagia nyasi, glavu, kofia ya utepe.
Wazungu hawakujitokeza siku ya usaili, alituambia,
akiinama kufunga kamba za raba zake.
"Tunapokezana. Mwezi jana nilikuwa yaya."
Kisha akanyoosha mgongo, akapiga kengele,
na Wafula akatoka jikoni na sinia, "Ndiyo, Memsahibu,"
huku watoto wa shule ya Rongai wakivunjika mbavu.

Nyuma, vibanda vitatu vya nyasi,
vipya, vimesimama wima kama gwaride.
Bango: WENYEJI.
Shosho aliingia cha katikati, akanusa.
"Hamna moshi. Nyumba isiyo na moshi hulala nani?"
Mlango nao walikuwa wameuweka upande siko.
Hilo hakulisema.
Niliona tu, akizunguka nje,
alivyoinamisha kichwa
mahali palipokuwa ukuta.

Chini ya turubai, mezani, Odero:
kaptura ya kaki, daftari kubwa, muhuri.
"Haya, kodi ya kibanda! Bwana Shauri hangoji!"
Watoto walipanga foleni na rupia za karatasi,
wakalipa, wakapewa risiti, wakarudi kulipa tena.
Kila aliyelipa alivishwa kipande,
kijisanduku cha bati kwenye uzi,
akapigwa picha.

Odero alipomwona Shosho alisimama.
"Karibu, mama," akamvisha polepole, kwa mikono miwili,
kama mtu anayetoa shada.

Shosho alikipima kiganjani.
"Hiki chepesi."

Odero hakuwa na mstari wa kujibu hayo.
Alivua kofia. "Kilikuwa na uzito gani?"

Shosho akafungua mkoba.
Akatia ndani chenji ya tiketi, akatikisa.
Bado.
Akatia ufunguo wa nyumba ya Limuru.
Bado.
Akatia pete, ile ambayo siku hizi
hutoka kidoleni bila sabuni.
Watoto walikuwa wamenyamaza,
mmoja akamnyoshea gololi, naye akaipokea,
akaitia, akatikisa, akasikiliza
kama fundi wa redio.

"Baba," alisema, si kwangu wala kwa Odero,
"walipofuta vipande alikitupa chooni.
Lakini mpaka anakufa, akiinama kufunga mbuzi,
ilikuwa lazima mkono mmoja ushike kifua,
kitu kisilie."

Kisha akarudisha ufunguo mkobani,
pete kidoleni, gololi kwa mwenyewe.
Chenji aliiacha humo.
Nilitaka kumwambia ndiyo nauli yetu,
nikanyamaza.

Chelimo alitusindikiza hadi kwenye ua wa waridi.
Hakujua aage kwa sauti ya nani.
Alisema "Safari njema" kama memsahibu,
halafu, haraka, kwa sauti yake,
"Shosho, mlango ulifaa kuelekea wapi?"
Shosho alionyesha kwa kidevu,
kule ambako sasa kuna maegesho.

Tuliteremka taratibu, kokoto zikilalamika.
Langoni, askari wa kampuni, kijana wa juzi tu,
alikuwa anapiga miayo, anatazama simu.
Hakuwa ameinua uso.
Shosho alikuwa ameshasimama mbele yake, miguu pamoja,
tiketi ameinyosha kwa mkono wa kulia,
na wa kushoto
umeshika kifua.