Kidole cha Nyamawi

Kidole cha kati kimepinda
kama mtu aliyeitwa akageuka.
Besiboli, anasema Nyamawi. Msimu wa nne. Kokoto.

Miaka tisa ya kulipwa
alisimama baina ya kituo cha pili na cha tatu,
magoti kayakunja, akingoja ardhi iseme.
Jina likabandikwa ubaoni,
likabanduliwa.

Leo Kongowea anashusha machungwa.
Kijana aliye juu ya lori hatazami, anarusha tu.
Moja lateleza, ladunda ukingoni —
kiganja kishafika, chini, wazi.

"Huyu ana mato miguuni!" wacheka wauza mbatata.

Analishika kitambo, kama si chungwa.
Mkono wainuka kuelekea kituo cha kwanza:
pana mizani tu,
na mwenye ndimu anayepiga mwayo.