Risasi Isiyolia

Risasi moja ya milimita tisa ni kilo ya sembe
na sukari ya chai ya jioni.
Kwa hiyo kila nilipofyatua, miaka yote hiyo,
nilisikia mlio, na nyuma ya mlio
nikamsikia Chambuso mhasibu akikwaruza leja:
Sempombe, tatu. Sempombe, nne. Basi, mpaka mwakani.

Nne kwa mwaka.
Na kila Ijumaa ya mishahara nakaa kiti cha mbele,
bastola kiunoni, kutoka mjini hadi mashamba ya mkonge,
nikilinda jasho la watu mia tatu
kwa mkono uliojifunza mara nne.

Ndipo akaja Afande Kilua,
mama wa Chumbageni, mstaafu wa magereza,
miwani yake imefungwa kwa uzi wa katani,
mkononi kisanduku kama cha fundi saa.
"Toeni risasi. Onyesheni chemba.
Onyesheni tena, macho yangu yamechakaa."
Akavua bati la juu, akachomoa mtutu na springi,
akavisha bati jingine, jepesi,
na mtutu wa pointi ishirini na mbili.
Kitako kilekile. Triga ileile, na ukaidi wake.
Umvue mtu kanzu umvike msuli,
mtu ni yeye.

Na risasi zenyewe, kokwa za tende!
Hamsini kwa bei ya kumi za zamani.
Chambuso alizihesabu mara mbili,
akafunga leja, akasema neno ambalo
hatujapata kulisikia kinywani mwake:
"Pigeni."

Jumamosi, machimbo ya chokaa ya Pongwe.
Mifuko mitupu ya saruji, duara za mkaa.
Tap. Tap. Kijiti kikavu chini ya kiatu.
"Hii ya kufukuzia kunguru," Hoza akacheka,
na kunguru wenyewe hawakuruka.

Nikapiga. Chini, kushoto.
Nikapiga. Chini, kushoto.
Miaka yote nilisema: ni teke la bastola.
Miaka yote nilisema: ni kelele.
Leo teke halipo, kelele haipo,
na matundu yamekaa palepale
kama wadeni waliojua nitapita.

Ya kumi na saba haikulia.
Hizi za bei nafuu ndivyo zilivyo.
Ka.
Na katika ukimya ule wote tukaona
mdomo wa bastola ukichota chini
kama mtu aliyeitika kabla hajaitwa.

"Usigeuke," akasema Afande. "Ielekeze mbele,
huenda ikalia kwa kuchelewa. Hesabu thelathini."

Moja. Mbili. Jasho kwenye nyusi.
Saba. Hoza hacheki.
Kumi na moja, na daraja la mto Sigi likanijia,
usiku ule wa mvua, gogo barabarani,
mimi nimechutama nyuma ya mlango wa gari
nikipiga risasi yangu pekee.
Majambazi walikimbia, ndiyo.
Lakini mlango ulibaki na tundu. Chini, kushoto.
Niliandika kwenye ripoti: *risasi ya majambazi.*
Fundi bati wa Gofu alipapasa kingo zake
zilizopindukia nje,
akanitazama,
akaendelea kukoroga rangi.
Ishirini na tisa.

Thelathini.

Afande akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga.
Pini ilikuwa imeuma ukingo wa kitako, sawasawa.
"Baruti imo. Haikutaka tu."
Akanitilia kiganjani.
"Kuanzia leo nitakupakilia mimi,
na humo nitaficha mbovu, usijue ipi.
Mpaka mkono uache kujibu."

Nilitaka kumwambia habari ya mlango.
Chambuso alikuwa amesimama hapo, kalamu sikioni.
Nikaitia ile risasi mfuko wa shati,
upande wa kushoto.

"Zimebaki thelathini na tatu," akasema Afande.

Nikainua mkono.