Ngao ya Lango Langu

Simba nimewachomea watu kumi na saba,
wawili wawili, ndimi nje, makucha juu,
pamoja na wale wa diwani anayeogopa mbwa.
Tai sikumbuki idadi. Msambazaji wa bia
alitaka tausi mwenye taji; tausi nikampa,
taji nikalikata kwenye mtungi mkuukuu wa gesi.

Leo Jumapili. Karakana kimya, Tororo nzima
imelala chini ya unga wa saruji,
nami nimepiga magoti sakafuni na chaki
nijichoree langu.

Ngao kwanza. Sikuhangaika:
duara, mpini katikati, upande mmoja umebonyea.
Ni kifuniko cha sufuria ya mama,
Nyaketcho, muuza uji wa stesheni,
alichonifunikia kichwa
siku mvua ya mawe ilipotukuta relini.
Yeye hakuwa na cha kujifunika.
Lile bonde dogo kwenye bati ni jiwe moja
lililokuwa langu.

Na mnyama? Baba za wenzangu
waliwaachia ukoo, na nyama wasiyoila.
Wangu aliacha deni la baiskeli.
Nikachora gurudumu. Nikalifuta.
Nikalichora tena, dogo, pembeni,
halina tairi, spoki tatu zimekatika,
asije akarudi akasema sikumtaja.

Kushoto, mahali pa simba,
nimemsimamisha mbuzi wa jirani
aliyekula daftari langu la madeni.
Kulia pako wazi. Pa Athieno, binti yangu.
Jana alitaka kinyonga.
Leo asubuhi kabadili: jino lake lililong'oka.

Chini, kwenye utepe, maneno.
Wateja hutaka Kilatini, au jina la Mungu.
Mama, Kiswahili chake chote kilikuwa neno moja
aliloliokota sokoni Malaba;
akawajibu nalo mwenye nyumba,
askari wa manispaa wenye marungu,
na daktari, mwishoni, alipomuuliza
kama amechoka:
Bado.

Herufi nne za nondo.
Jioni nikachomea tatu, umeme ukakatika.
Obbo akapita na mkokoteni wake, akasimama,
akatazama lango, akatazama mbuzi, akacheka.
"Fundi, umemaliza?"

Nikaichukua ile ya nne chini,
nikaishika mahali pake kwa mkono,
asome.