Feni ya Diski

Inaunguruma tangu magharibi
kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo la maziwa.
Kifeni chenyewe hakizidi kifuniko cha chupa ya chai,
na Newala nzima imelala.

Nimefungua skrubu nne kwa kisu cha mezani.
Ndani: vumbi jekundu la mwaka mzima
na unywele mmoja mweupe.
Nimepuliza. Nimefuta kwa pamba.
Tone moja la mafuta ya cherehani
aliyonipimia Bi Somoe kwenye kisoda, akicheka:
"Leo unashona kompyuta?"
Kisha mpira wa ndani wa baiskeli, vipande vinne,
kila pembe kimoja,
diski ikakaa juu yake kama mgeni mkekani.

Nikawasha.
Kimya. Kimya hata nikasikia korosho
ikidondoka juu ya bati la jirani.

Basi nikafungua faili la Oktoba iliyopita:
baba anahesabu miti atakayotuachia,
mkorosho kwa mkorosho, kila mmoja na jina lake.
Nikasogeza sikio.

Na nyuma ya sauti yake, mle mle ndani,
ngurumo. Nyigu yule yule.
Diski ilikuwa mezani siku ile nikimrekodi;
wala haikunisumbua.

Baada ya mkorosho wa tisa anakohoa, anauliza,
"Chidudu gani chinalia hapo?"

Nami, kwa sauti ya mtu mwenye haraka zake:
"Feni tu, baba. Endelea."