Daftari la Msimu

Mechi saba, siku tatu kila moja,
na penseli nne nilizozichonga kwa wembe:
huo ndio msimu wetu, Kisumu.
Niliandika kila mpira uliorushwa,
nukta kwa ule usiozaa kitu,
na nukta zilikuwa nyingi kama omena juani.

Nakuru walitumaliza kabla ya chai ya siku ya pili.
Kakamega mvua ilitushinda sote;
tukacheza karata kwenye stoo ya mashine ya nyasi.
Harjinder ananiwia shilingi sitini hadi leo.

Kisha ile ya mwisho, nyumbani.
Wiketi tisa zimeanguka, nusu saa imebaki,
anaingia Obura, mrushaji wetu,
mwenye mbio kumi na moja msimu mzima,
pedi za kuazima, moja nyeupe, moja rangi ya uji.

Hakupiga. Alizuia.
Nukta. Nukta. Kunguru wakatua karibu na kamba,
wakachoka, wakaondoka.
Nukta.
Mamake, aliyefunga kibanda chake Kibuye mapema,
akaniinamia: "Ana ngapi sasa?"
"Hana kitu, mama."
Akapiga makofi.

Tulitoka sare. Tukashika mkia wa jedwali,
kikombe kikapanda gari kwenda Nakuru.
Lakini ukurasa wangu wa mwisho ninao:
nukta thelathini na moja mbele ya jina moja,
na ile ya mwisho niliikandamiza
penseli ikatoboa karatasi.
Iinue mbele ya taa.
Mwanga unapita.